Sista Vikombe na Neno Lililofukuzwa Wodini

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, yote katika wodi moja ya watoto, muuguzi mkuu wetu anastaafu. Jina lake kamili lipo ofisi ya utumishi, na huko libaki. Watoto, wazazi, madaktari na hata dereva wa gari la wagonjwa wanamjua kwa jina la Sista Vikombe. Tarishi mpya alipotumwa kumwita kwa jina lake rasmi aje kuagwa, alizunguka jengo zima akiuliza mlango hadi mlango, na mara mbili alimuuliza mwenyewe. Mara zote mbili Sista alimwelekeza ghorofa ya juu, kwa sababu alikuwa na kazi.

Anayeandika haya ni mtunza dawa wa wodi hiyohiyo. Kamati ya sherehe haikunichagua kwa ufundi wa kalamu. Ilisema kwamba hakuna aliyebishana na Sista kunishinda mimi, na mtu unayebishana naye kila asubuhi ndiye unayemjua. Sina hoja ya kupinga hilo, ingawa nilijaribu.

Alipoanza kazi alikuwa binti mwembamba, na wagonjwa walimwita Dada. Akaolewa, akapata watoto wake, wakaanza kumwita Mama. Siku hizi ni Bibi. Yeye hudai kwamba hajabadilika hata kidogo, ila watoto wa siku hizi ndio wanaozidi kuzaliwa wadogo.

Katika mwaka wake wa saba kazini alipelekwa masomoni kujifunza makuzi ya mtoto: jinsi akili yake inavyopanda ngazi kwa ngazi, na jinsi anavyofika taratibu mahali pa kupambanua jema na baya. Wengi wetu tukitoka masomoni hurudi na cheti na suti mpya. Yeye alirudi na katoni mbili za vikombe, akaziweka juu ya meza yangu ya dawa bila hata kubisha hodi. Katoni moja ilikuwa na vikombe vipana vya kina kifupi, vilivyokaribia kuwa visahani. Nyingine ilikuwa na bilauri ndefu nyembamba.

Nilimuuliza vya nini, na sauti yangu, nakiri, haikuwa ya mapokezi. Alijibu kwamba kuanzia siku hiyo dawa chungu zitanywewa kwenye kikombe kipana, na maziwa kwenye bilauri ndefu. Nikamweleza kwamba kipimo ni kipimo, kijiko kimoja kikimiminwa kwenye ndoo au kwenye kizibo ni kijiko kimoja tu. Akaniambia nikamweleze hayo mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyekuwa na miaka minne. Nilikwenda, maana sikubali kushindwa kirahisi. Mbele ya macho yake nilimimina dawa kutoka chombo chembamba kwenda kipana, nikairudisha, nikaimimina tena. Mtoto alinitazama kwa huruma. Akasema ile ya kule juu ni nyingi, hataki, ila hii ya chini atakunywa kwa sababu ni kidogo. Akainywa yote, akarudisha kikombe.

Tangu siku hiyo vita vyetu vya kila asubuhi vya kushika watoto pua viliisha. Sista alitueleza kwamba mtoto wa umri ule hana akili ndogo, ana akili ya umri wake. Anaona kimo cha dawa na hawezi wakati huohuo kuona na upana wake. Jicho limeshika kitu kimoja, na hicho ndicho ukweli. Tulikuwa na daktari aliyependa kusema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sista akamwongezea kwamba za watoto ndiyo kwanza zinaota, kwa hiyo mtu asizichane kwa nguvu.

Kuvuka kwenda ngazi nyingine ilikuwa sherehe wodini. Siku moja msichana wa miaka saba, aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, alipewa dawa yake kwenye kikombe kipana. Akakigeuza huku na huku, akamkazia macho. “Sista, hii ni ileile ya jana. Umebadilisha kikombe tu.” Sista alipiga kigelegele hadi wazazi wa chumba cha pili wakatoka mbio wakidhani pamezaliwa mtu. Dawa ya msichana yule haikuhitaji tena ujanja. Lazima niseme pia, kwa kuwa leo ni siku ya kusema, kwamba mhasibu wetu hadi hivi leo huchagua bilauri ndefu kwenye chai ya ofisi. Sista amemwandika kwenye hesabu ya wasiovuka, na anasema bado anamwombea.

Wageni huuliza kwa nini mapazia ya wodi yetu ni mafupi kama kaptula. Hiyo nayo ni kazi yake. Wakati wa kuchoma sindano au kubadilisha dripu, mama huambiwa asubiri nje ya pazia. Kwa mtoto mkubwa, mama yuko nyuma ya pazia. Kwa mtoto wa miezi sita, Sista alisema, kisichoonekana hakipo. Mama hajatoka, ametoweka duniani. Basi alichukua mkasi akakata mapazia yote usawa wa magoti, ili kichanga kilicholala kitandani kiendelee kuona miguu ya mama yake na viatu vyake. Mkuu wa ghala alipandisha mori, akaja na kanuni za mali ya hospitali mkononi. Alimkuta Sista amembeba mtoto aliyekuwa akichekea kandambili za mama yake zilizotokeza chini ya pazia. Akaondoka, na kanuni zake akaziacha mezani, ambako tulizitumia kuegesha dirisha.

Zaidi ya yote, wodi yetu ilikuwa na baraza. Sista hakuliita mahakama, alisema neno hilo linatisha. Liliketi likitokea jambo, na wazee wa baraza walikuwa wagonjwa wenyewe waliojiweza kukaa. Mwaka mmoja kulitokea kesi mbili asubuhi moja. Kijana wa kitanda cha mlangoni, akitaka kumsaidia mfagizi, alikumbatia ndoo ya maji aisogeze, ikamponyoka na kugharikisha wodi nzima, viatu vya wazazi vikaelea. Msichana wa kitanda cha dirishani, kwa upande wake, alizungusha macho kuhakikisha hatazamwi, akamwaga kijiko kimoja cha dawa ya kikohozi kwenye chungu cha ua.

Wenye miaka minne na mitano walihukumu bila kusita: mkosaji mkubwa ni mwenye ndoo. Maji ni mengi, dawa ni kidogo, kesi imekwisha. Wenye miaka tisa na kumi wakaguna. Walisema yule wa ndoo alikuwa anasaidia, bali wa dawa alifanya makusudi na tena alitazama kwanza kama anaonekana. Wa katikati, mwenye miaka saba, alishika tama, akaona kila upande una maneno ya kweli, akaamua wote wawili wakose katuni. Mimi kama mtunza dawa nilikuwa na msimamo wangu kuhusu dawa kumwagwa, lakini Sista aliniambia kwa upole kwamba shahidi mwenye maslahi anyamaze. Ua lile, kwa taarifa ya wanaopenda bustani, lilinawiri ajabu na wala halikukohoa.

Nilimuuliza siku ile kwa nini hakuwasahihisha wadogo. Alisema huwezi kumvuta mtoto kwa masikio hadi ngazi inayofuata. Unamwekea watoto wakubwa karibu, anasikia, anabisha, na siku moja atasema lile la wakubwa akidhani kalibuni yeye. Kuhusu methali ya samaki mkunje angali mbichi, alikuwa na jibu moja tu: mtoto si samaki.

Ili msidhani tunamuaga malaika, na mapungufu yake ni haya. Huimba nje ya sauti, tena kwa kujiamini. Ripoti zake zilifika ofisini zikiwa zimechelewa, na mara moja ikiwa imechorwa tembo upande wa nyuma. Kwenye mchezo wa dama hakumwachia ushindi mtu yeyote, hata mtoto wa miaka mitano mwenye mkono kwenye plasta. Alisema kumwachia mtoto ushindi ni kumdanganya. Watoto wa miaka minane na tisa walimpenda kwa hilo, kwa kuwa huo ndio umri wa sheria, na yeye sheria alizishika kwa dhati. Madaktari vijana aliowafunga bao mbele ya wagonjwa hawakumpenda sana, lakini hayo yamepita.

Sasa nifike kwa lile ambalo kila mtu wodini aliniambia nisiliache.

Alikuja mama mmoja amebeba mtoto wa kiume wa miezi mitano, kifua kimembana, anahema kwa shida. Ilikuwa nimonia. Baba alikuwa mbali kikazi, na nyumbani hapakuwa na wa kumwachia binti yake wa miaka mitano, kwa hiyo naye akaja, akiwa ameshika upindo wa gauni la mama. Kichanga kikawekewa oksijeni. Binti akaketi kwenye kiti kidogo cha plastiki karibu na kitanda.

Jioni ile aliletewa chakula, hakula. Tukasema ni uchovu na ugeni. Asubuhi hakula wala hakunywa, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuwa amesema neno lolote pia. Midomo alikuwa ameibana hadi imegeuka rangi. Ukimsogezea kijiko, aligeuza uso. Ukimgusa kidevu, alitetemeka. Daktari alijaribu kwa hila na kwa pipi, mdomo haukufunguka hata ufa. Akawaza pepopunda, kwa sababu ugonjwa huo hukaza taya. Sista aliwaza jino lililooza. Wote wawili walikosea, lakini hilo hatukulijua, na kufikia saa sita mchana mtoto aliyekuja kama msindikizaji alikuwa amelazwa kitanda cha pili, dripu mkononi. Daktari akapiga simu hospitali kubwa. Gari lingekuja mchana uleule kumchukua, akalazwe usingizi wa dawa, afunguliwe mdomo kwa nguvu na kuchunguzwa. Mama yake asingeweza kwenda naye, kwa kuwa kichanga hakikuwa cha kuachwa. Mama wa watu alikaa katikati ya vitanda viwili, mkono mmoja huku, mmoja kule, akatuuliza agawanyike vipi. Moyo uliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Sista aliomba muda hadi gari lifike. Akaleta kapu la wanasesere na bendeji, akalitua kitandani kwa binti bila kuuliza kitu. Hiyo ilikuwa desturi yake: mtoto asiyesema mpe mgonjwa wa kumtibu. Yeye akakaa pembeni akikunja nguo, macho yake yakiwa kama hayapo.

Binti alichukua mwanasesere wa kwanza, akamfunga bendeji. Hakumfunga mguu wala kichwa, alimfunga mdomo. Akachukua wa pili, mdomo. Dubu asiye na sikio moja naye, mdomo. Wakati huo mama alikuwa kwenye simu, kama alivyokuwa tangu jana, akiwajulisha ndugu mmoja baada ya mwingine. “Ndiyo, shangazi. Mtoto anaumwa. Anaumwa sana, ameumwa tangu juzi.” Na kila neno lile liliposemwa, Sista aliona mabega ya binti yakiruka.

Aliweka nguo chini. Akamwomba mama asitishe simu kidogo, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyemng'ata mtu nyumbani. Mama akashangaa, kisha akakumbuka. Jumapili, siku mbili kabla ya homa kuanza, dada mtu alimuuma mdogo wake mkono, kwa wivu tu wa kawaida, kwa kuwa kichanga kilikuwa kimelala mapajani pa mama, mahali pake yeye pa siku zote. Alikemewa, yakaisha. Alama bado ilikuwapo juu ya kiwiko, duara dogo lililokuwa likififia.

Sisi tukisikia mtu anaumwa tunaelewa ni mgonjwa. Tumelisema neno hilo maisha yetu yote hata hatulisikii tena. Binti wa miaka mitano alilisikia lote. Alimuuma mdogo wake, na sasa mama yake analia kwenye simu, anamwambia kila ndugu kwamba mtoto anaumwa, anaumwa sana. Kwa umri ule hakuna ajali na hakuna sadfa. Ukifanya baya, baya linafuata, na ukubwa wa kosa ni ukubwa wa msiba. Alichokiona mbele yake kilikuwa mipira ya oksijeni na madaktari wanaokimbia. Aliamini kwamba meno yake bado yanamtafuna mdogo wake kifuani. Basi akayafungia ndani, asije akammaliza.

Sista alipotueleza hayo, nilifunga dirisha la dawa nikaja kusimama karibu na kitanda.

Mama alimrukia kumkumbatia, akamwambia si kosa lake, si yeye, mtoto ana ugonjwa tu. Sista naye alimwambia hivyohivyo, na daktari akarudia. Binti alibana midomo zaidi, machozi yakatiririka kimyakimya. Watu wazima watatu walikuwa wamemhakikishia, na wote aliwaona wanamficha. Mlangoni tukasikia gari limefika.

Hapo Sista alimtuma mfagizi jikoni kuomba donge la unga wa mkate. Likaja, jeupe, laini. Akaling'ata mbele ya binti, akamwonyesha: meno yake yameacha alama, hii na hii, na pengo hapa. Akampa daktari. Daktari wetu, mtu wa heshima zake, mwenye dereva anayemsubiri mlangoni, hakupepesa macho. Aliling'ata donge hadi unga ukamganda kwenye sharubu. Alama za kwake zilikuwa kubwa. Kisha nikapewa mimi, na kwa kuwa sikupata hoja ya haraka, nikang'ata. Binti alikuwa ameinua kichwa, akitazama alama baada ya alama.

Sista akamvua kichanga fulana taratibu, akamwita binti asogee na dripu yake. Akamwambia meno yakiuma huacha alama, ameona mwenyewe. Basi atafute. Binti alikitazama kifua kile, mbavu moja baada ya nyingine, zikipanda na kushuka. Akaomba kwa ishara ya mkono mdogo wake ageuzwe, akatazama mgongo. Akatazama shingo na chini ya makwapa. Hapakuwa na alama. Akarudi kwenye kiwiko, akagusa duara lile kwa ncha ya kidole.

Hakuna aliyemwambia afanye kilichofuata. Alinyoosha mkono, akachukua kipande cha donge kisichokuwa na alama, akakiangalia kwa muda mrefu. Akafungua mdomo, akakiuma. Akakipeleka kwenye kiwiko cha mdogo wake akalinganisha: ndilo duara lilelile. Akakipeleka kifuani, akakisogeza huku na huku, hakikulingana na kitu.

“Nilimuuma hapa tu,” alisema. Sauti ilikuwa imekauka kama ya mzee.

Sista akamjibu kwamba ndiyo, hapo tu.

Binti akaomba maji. Alikunywa bilauri nzima, ile ndefu, akaomba nyingine. Gari lilirudi tupu, na dereva wake akanywa chai na sisi. Mama alilia, mfagizi alilia, daktari alikwenda kunawa uso na akachelewa kurudi. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati la dawa nikipanga chupa zilizokuwa zimepangwa tayari.

Alipokwisha kunywa, binti aliuliza swali ambalo lilibadilisha lugha ya wodi hii. “Sasa nani anamuuma?” Sista alimweleza kwamba hakuna, mdogo wake ana kikohozi na homa, na dawa inafanya kazi. Kisha akatugeukia sisi. Kuanzia siku ile, neno anaumwa halisemwi mbele ya mtoto katika wodi yetu. Tunasema anakohoa, ana homa, tumbo linamsumbua. Madaktari wapya hujikwaa wiki ya kwanza, na mtazamo wa Sista huwafunza wiki ya pili.

Kichanga kilipona. Siku ya kuruhusiwa, mama, akiwa na furaha yake, alimwambia binti yaliyopita si ndwele, asahau kabisa habari za kuuma. Sista alikataa, na alikataa kwa uthabiti uliotushangaza. Alisema ugonjwa haukuwa wake na tumeuondoa mabegani mwake, lakini kuuma alimuuma. Hicho ni chake. Ukimwambia hakufanya hata kile alichokifanya, kesho hatakuamini ukimwambia jambo lingine lolote. Mtoto apewe kosa lenye ukubwa wake, lisizidi na lisipungue.

Binti alilifikiria hilo, akaamua mwenyewe kwa haki ya miaka mitano. Alikunja mkono wa gauni, akampelekea mdogo wake kiwiko mdomoni, amuume na yeye. Kichanga kilifurahi sana. Kilimung'unya kile kiwiko kwa fizi, kikakilowesha mate hadi kwenye vidole, kikacheka. Binti alisubiri uchungu, haukuja. Akamgeukia Sista kwa malalamiko makubwa kwamba hii haihesabiki, hana meno. Akauliza yataota lini. Sista, ambaye hadanganyi mtoto, alimwambia bado miezi kadhaa. Binti akasema atasubiri.

Walirudi miezi ikiwa imepita, kichanga kuja kupimwa kifua. Alikuwa amenona, ana meno mawili chini na mawili juu, na anayatumia kwa kila kinachopita. Dada yake, aliyekuwa sasa amerefuka na kukaribia miaka sita, alimpakata kwenye benchi wakingoja zamu. Mimi nilikuwa dirishani pangu nikitoa dawa, Sista alikuwa mlangoni. Mtoto aligeuka tu, bila sababu, akamng'ata dada yake begani. Alimng'ata kweli. Binti alipiga yowe, machozi yakamtoka, na alama nne zikajitokeza palepale. Mama akainua mkono ampige kofi kichanga. Sisi tulioijua ile ahadi tulitazamana, tukingoja kusikia kwamba sasa wamelipana.

Binti akauzuia mkono wa mama yake. “Usimpige, mama. Hajakusudia. Bado hajui kama inauma.”

Sista alisogea, akachutama mbele yake. Alimuuliza swali moja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu anayeuliza kwa sababu hajui jibu. Alimuuliza, na yeye siku ile alijua?

Binti alifuta machozi. Alimtazama mdogo wake, ambaye tayari alikuwa amekwisha sahau na anatafuna kitufe. “Mimi nilijua,” alisema. Akainamisha kichwa, akamwambia mdogo wake samahani, kwa mara ya kwanza, bila kutoa mkono wala bega. Kichanga kikamvuta nywele.

Nimemwona Sista Vikombe akipokea tuzo ya mfanyakazi bora, akipongezwa na wakubwa, akipigiwa makofi na ukumbi mzima, na kila mara alikuwa akitafuta njia ya kutoroka arudi wodini. Siku ile hakuna aliyempigia makofi. Alibaki amechutama pale sakafuni, mbele ya benchi la wagonjwa wa nje, amejishika magoti, akilia kwa furaha bila kujificha, na foleni yote ikamsubiri.

Sista, sisi wenzako wa wodi, wa famasi, wa jikoni na wa ghala, pamoja na mhasibu asiyevuka, tunakushukuru. Ulitukuta tukiwashika watoto pua, unatuacha tukiwasikiliza. Kapumzike sasa. Wajukuu wako wakushinde kwenye dama kwa haki, mwili wako ukutii, na usingizi wako usikatwe na kengele ya mtu. Maisha yako mapya yawe mema, na kila utakapohukumiwa, uhukumiwe na mtu aliyemsikia binti yule.